Sahani ya Mtafutaji

Ukikaa stendi ya Kibondo asubuhi, neno utakalolisikia kuliko mengine yote ni kutafuta. Kijana wa toroli la maji humsalimia mwenzake, "Za utafutaji?" na mwenzake hujibu kwamba wanasukuma. Mama anayechoma mahindi, ukimuuliza mumewe yuko wapi, atakwambia ameenda kutafuta, na hataongeza kitu, maana hapo ameshamaliza. Nyuma ya pikipiki moja pameandikwa kwa rangi nyekundu, Mtafutaji, bila kusema anatafuta nini, na hakuna anayeuliza. Mtu akiitwa mtafutaji huku kwetu amesifiwa. Maana yake si mvivu, hashindi kijiweni akingoja kuletewa, anatoka jua halijachomoza na anarudi na chochote alichojaliwa. Mwanamke anayelisha nyumba yake naye ni mtafutaji, na akiitwa hivyo mbele za watu hujifanya hajasikia huku anajirekebisha kitenge.

Mimi neno hili nililichukia kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Sikulichukia kwa sababu nilikuwa mvivu, ingawa kaka zangu wangeweza kukusimulia vingine. Nililichukia kwa sababu nyumbani kwetu Muyama, kijiji cha Buhigwe, lilikuwa neno la msiba usio na kaburi.

Mdogo wake baba, ambaye ni baba yangu mdogo ingawa sura yake siikumbuki, aliondoka nikiwa bado nanyonya. Alisema anakwenda kutafuta, upande wa machimbo ya dhahabu huko Geita. Siku zile simu kijijini hazikuwepo. Salamu zilikuja mara moja tu kupitia kwa mtu aliyerudi, kwamba yu mzima na bado anatafuta. Baada ya hapo kimya. Baba aliwahi kumfuata, akazunguka huko mpaka viatu vikamwishia miguuni, akarudi mwembamba na hakusimulia chochote.

Bibi yangu, mama yao wote wawili, hakulia mbele za watu. Alichukua sahani ya bati nyeupe yenye ukingo wa buluu uliobanduka, na kila jioni, kabla hajampakulia mtu yeyote, alianza na hiyo. Aliweka ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese, na siku ya neema kipande cha samaki, mgebuka wa ziwani. Akaifunika kwa sahani ya pili, ndogo kidogo, akaiweka kwenye kichanja karibu na mafiga. Hiyo ndiyo ilikuwa sahani ya mtafutaji. Nyumba nyingi za kwetu humwekea fungu mtu aliyechelewa kurudi, hilo si jambo la kushangaza. Cha kushangaza ni kwamba bibi alimwekea mtu aliyechelewa miaka.

Sheria za sahani ile zilikuwa chache na hazikuvunjwa. Jioni hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, hata aje mgeni mwenye njaa ya namna gani. Mgeni atasongewa wake. Asubuhi ndipo sisi watoto tuligawana kiporo, na tulikigombania kweli, maana ugali uliolala na maharage ni mtamu kuliko wa jioni. Bibi alikuwa akituangalia tunavyokula, akisema tumemlia baba yetu mdogo, basi tukue na miguu yake lakini tusikue na kusahau kwake. Kula sahani ile jioni, alisema, ni kutangaza kwamba mtafutaji amerudi. Uongo huo hakuutaka ndani ya nyumba yake.

Bibi alipofariki, mama aliendelea pale bibi alipoachia. Hakuna aliyemwagiza. Jioni ya baada ya matanga tulimwona tu anaishusha sahani, anaipangusa, anapakua. Baba hakuwahi kuizungumzia hata siku moja. Lakini chakula kikitengwa hakunawa mikono mpaka aone imefunikwa.

Neno lenyewe alilifukuza nyumbani. Vijana wa kijijini wakija kumuaga kwamba wanakwenda kutafuta, aliwauliza, kwani mmepoteza nini hapa? Wao walicheka wakidhani mzee anatania. Hakuwa anatania. Kwa Kiha chetu tunasema kurondera, nalo baba alikuwa amelikabidhi kwa kuku; kuku ndiye wa kurondera, alisema, mtu analima. Mwenyewe alilima kweli, kahawa na maharage na migomba, na alipofika pa kupumzika alilima tena.

Nilipomaliza shule nilijifunza kushona, nikapata pa kuweka cherehani yangu kwenye baraza ya duka moja Kasulu mjini. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka pwani. Kanzu yake ilikuwa safi hata siku za tope, na tope la Kasulu halina mchezo. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka mpaka nikaona haya kwa hiki changu cha lafudhi ya kwetu. Aliniita binti yangu, na chai ya saa nne nilikunywa kwake.

Huyu ambaye leo ni mume wangu alikuja barazani hapo na jaketi lililopasuka bega zima kwa kubeba magunia. Nilimwambia hilo si la kushona, ni la kuzika. Akasema basi nilitengeneze vizuri kwa ajili ya safari yake ya mwisho, ila safari yenyewe ilikuwa kesho yake na alihitaji kuivalia. Nilicheka kabla sijaamua kucheka, na hilo lilinikera. Nikamuuliza anafanya kazi gani inayochana nguo namna hiyo. Alikuwa ananunua tangawizi na maharage vijijini, kuanzia kwetu Buhigwe mpaka kwao Kibondo, anayabeba kwa pikipiki yake chakavu hadi penye gari, kisha anafuatana na mzigo mpaka Kahama. Nikamuuliza kazi hiyo inaitwaje.

"Mimi mtafutaji tu, dada," akajibu.

Nililikunja jaketi nikalitupia kwenye kapu, nikamwambia arudi jioni. Mzee wa duka, aliyekuwa anasikiliza kila kitu huku anajifanya anapanga sabuni, aliniuliza kijana wa watu amenikosea nini. Nilirudi kwenye cherehani yangu. Mambo ya nyumbani hayazungumzwi barazani.

Nilichokuja kukipenda kwa mtu huyu si maneno matamu. Hayo hana hata leo. Nilimpendea kwamba alisema alipo. Kila jioni simu iliita: niko Nyakanazi, gari limepasua tairi, nimekula wali na maharage yasiyoiva. Niko Kakonko, nalala kwa rafiki yangu, ana watoto wanaopiga kelele. Niko Kibondo kwa mama, ananiuliza kwa nini nacheka na simu. Mwanzoni nilidhani ni mtu wa porojo. Halafu jioni moja simu haikuita, nami nikajikuta nimeushona mdomo wa mfuko wa suruali ya mteja, mshono mzuri kabisa usioingiza hata kidole. Ilipoita asubuhi yake nilimgombeza kwanza, salamu ikaja baadaye. Hapo wote wawili tulielewa mambo yamefika wapi.

Kwa desturi yetu mwenye kuoa haji mwenyewe, hutuma wazee. Baba yake alikuwa marehemu, kwa hiyo alimtuma baba yake mkubwa, na mshenga akawa yule mzee wa duka, ambaye aliifurahia kazi hiyo kupita kiasi. Alivaa kofia mpya. Wakafika Muyama mchana, wakakaribishwa sebuleni, mimi na mama tukabaki jikoni na mlango ulioachwa wazi kidogo, kama wanawake wote wanavyofanya siku hiyo na kukataa kwamba wamefanya.

Walianza vizuri. Waliulizana habari za mashamba, za mvua, za barabara. Mzee wa duka alieleza kilichowaleta kwa maneno mazuri hata mama akanikonyeza. Baba akauliza lile swali ambalo kila baba huuliza, kwamba huyo kijana wao anafanya shughuli gani. Mzee wa duka akavuta pumzi. Najua alitafuta sifa kubwa kuliko zote alizokuwa nazo, akaitoa.

"Mzee mwenzangu, sitakuongopea. Kijana wetu ni mtafutaji."

Nilisikia kiti cha baba kikisogea nyuma. Mzee wa watu akadhani hajaeleweka, akaongeza mafuta kwenye moto. Kijana huyu hatulii, alisema. Leo yuko Kahama, kesho Kasulu, popote penye riziki utamkuta, na hata huko machimboni angefika kama kungekuwa na soko la tangawizi. Nilitamani kuingia nimzibe mdomo kwa kofia yake mpya. Hakuwa na kosa. Alikotoka yeye, na mjini kote, hiyo ni sifa ya kumwozesha mtu siku hiyo hiyo.

Baba hakupandisha sauti. Alisema watafutaji anawafahamu, nyumba hii inaye mmoja. Akawashukuru kwa heshima waliyompa, akawaombea safari njema, akamtakia na kijana wao kila la heri katika kutafuta kwake. Chai ililetwa, wakainywa, wakaondoka. Jikoni nilikuwa nimeinamia sufuria, na mama akaniambia nisilie juu ya maharage, chumvi imeshatosha.

Mimi si mtu wa kunyamaza, lakini kwa baba hupeleki maneno yako mwenyewe, kwa hiyo nilimtuma mama. Jibu alilorudi nalo nalikumbuka mpaka leo. Baba alisema kijana hamchukii wala hamjui. Anachokijua ni kwamba amemwona mama yake akizeeka akifunika sahani, na sasa anamwona mkewe, na hataki kumwona binti yake. Ningeweza kulibishia jibu la ukali. Hili lilikuwa na mapenzi ndani yake, na lilinichoma zaidi.

Wapo rafiki zangu Kasulu walionishauri nitoroke tu, niende zangu Kibondo, wazee watakuja kupatana baadaye mbele ya mtoto. Wengi hufanya hivyo na dunia haijaanguka. Nilikataa. Sikutaka kuwa mtu wa pili ambaye baba hajui analala wapi. Nilimweleza mwenzangu kwenye simu habari zote, za baba mdogo, za bibi, za sahani. Akaniuliza ile sahani wanaiwekea mboga gani. Nilikasirika, nikamwambia hilo ndilo alilolisikia? Akasema hapana, amesikia yote, ila alikuwa anajaribu kuiona.

Msimu wa maharage nilirudi Muyama kumsaidia mama kuvuna na kupiga. Jioni moja mvua ilikuja na upepo, ukaezua bati kadhaa za jirani yetu. Sisi tulikuwa tumeshakula. Baba alikwenda kumsaidia jirani kubana paa, mama akapeleka turubai lifunike vitu vyao, mimi nikabaki nyuma ya nyumba nakinga maji ya mvua kwenye kila chombo nilichokiona.

Mama aliporudi alipitia mbele ya ofisi ya kijiji, iliyokuwa imefungwa. Chini ya upenu alimkuta kijana amesimama kando ya pikipiki iliyozama tope mpaka kwenye mnyororo. Alikuwa na magunia mawili, na alikuwa ameyafunika kwa jaketi lake. Yeye mwenyewe analowa. Mama alimuuliza ana akili timamu? Akasema tangawizi ikilowa itaoza, yeye atakauka. Mama hakumjua, siku ya posa mwoaji hakuwepo, na picha sikuwahi kumwonyesha. Alimwambia tu kwamba hakuna mtoto wa mwanamke mwenzake atakayelala nje yeye akiona, akamsaidia kusogeza magunia ndani zaidi ya upenu, akayafunika kwa magunia matupu yaliyokuwa pale, akamrudishia jaketi lake na kuja naye nyumbani.

Nilipoingia jikoni na ndoo niliona jaketi kwanza. Lilikuwa limeanikwa juu ya mafiga, na begani pake kulikuwa na mshono wangu. Chini, kwenye kigoda, alikaa mtu amenipa mgongo, amejifunika kitenge cha mama, anakula. Kwenye magoti yake ilikuwa sahani nyeupe yenye ukingo wa buluu.

Mama alinitazama, nikamtazama. Alikuwa amepauka. Baadaye aliniambia kwamba sufuria lilikuwa tupu, moto umefifia, kijana anagongana meno, na mkono wake ulikwenda wenyewe kichanjani. Alipogundua ameshika nini, mgeni alikuwa ameshanawa. Huwezi kumpokonya mtu chakula kilichofika mkononi.

Nilimuuliza mtu wangu kwa sauti ya chini amefuata nini huku. Akageuka, tonge mkononi, akaniona, na nadhani hakuna mtu aliyewahi kushtuka vile akiwa ameketi. Mama akauliza kama tunajuana. Kabla hajajibiwa, baba akatokea mlangoni.

Taa ya sola ilikuwa sebuleni, jikoni kulikuwa na mwanga wa makaa tu. Baba aliona mgongo wa mwanamume, kitenge, na sahani. Akaita jina. Lilikuwa jina la mdogo wake, jina ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake, na aliliita taratibu, kama unavyomwamsha mgonjwa usingizini.

Kijana alisimama, akageuka na sahani mikononi, akasema shikamoo.  Baba alishika mwimo wa mlango. Niliiona ile furaha inamjaa usoni, halafu nikaiona inaondoka, na baba yangu, ambaye kwangu alikuwa mtu wa jembe na amri, nikamwona ni kaka wa mtu. Nilimhurumia mpaka nikalia palepale na ndoo yangu.

Mwisho akasema marahaba. Akajifuta maji usoni kwa kiganja, kwa muda mrefu kuliko maji yaliyokuwepo.

"Umetoka wapi?" akauliza.

"Kutafuta, mzee. Nilifuata tangawizi, mvua ikanikamata."

Mama alianza kueleza habari za sufuria tupu, baba akamnyooshea mkono aache. Akavuta kigoda kingine akakaa mbele ya kijana.

"Na kwenu, wanajua ulipo?"

"Wanajua. Mama nimempigia kabla mtandao haujakatika. Huwa nampigia kila jioni." Akasita, akanitupia jicho. "Na binti yako pia, mzee. Yeye leo simu yake ilikuwa haipatikani."

Ilikuwa haipatikani kwa sababu niliiacha kwa jirani ikichajiwa, kwa jirani huyohuyo aliyeezuliwa bati. Baba akanitazama mimi, akalitazama jaketi, akamtazama yeye. Akasema kumbe ndiye. Kijana akaiweka sahani chini polepole, akasema hakuja kwa hila, hakujua kama nyumba hii ndiyo ya kwetu, na kwamba atarudi kwenye magunia yake sasa hivi. Alikuwa anatafuta viatu vyake gizani, na kimoja nilikuwa nimekikanyaga.

"Kaa," baba akasema. "Sahani hiyo ikishaanza kuliwa haibakizwi."

Hakuna aliyewahi kutuambia sheria hiyo. Nadhani baba aliitunga wakati ule ule, au labda aliijua miaka yote na hakupata pa kuisemea. Kijana akakaa. Akala. Na wakati anakula baba akaanza kumsimulia habari za mdogo wake, mtu ambaye sisi watoto wake hatukuwahi kusimuliwa. Alipiga mluzi akilima, akawaudhi wazee. Alikuwa na nguvu za kubeba shina zima la mgomba lakini aliogopa vyura. Asubuhi aliyoondoka alikuwa amekosana na baba kwa jambo dogo la mpaka wa mihogo, akaondoka bila kula, na bibi alikuwa ameshapakua. Mama alisikiliza ameinamisha kichwa. Na mimi ndipo nilipoelewa kwamba sahani ile haikuanza baada ya mtu kupotea, ilianza asubuhi ileile, ikiwa na chakula chake.

Kijana alikula taratibu makusudi, nilimwona. Alipunguza matonge ili hadithi isiishe. Alipofika mwisho aliipangusa sahani kwa tonge la mwisho, akamkabidhi mama kwa mikono miwili, akashukuru. Baba akainuka.

"Mwambie yule mzee wa kanzu aje tena," akasema. "Na lile neno lake alirudie. Safari hii nitalisikiliza."

Jioni ile mama aliosha sahani ya mtafutaji kabla ya kulala, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Asubuhi hakukuwa na kiporo. Jioni iliyofuata, wakati mgeni ameshaondoka na magunia yake makavu, mama alisimama na mwiko mkononi asijue la kufanya. Hakumuuliza baba, alimwangalia tu. Baba akasema aweke, maana aliyekuja jana alikuwa wetu, lakini si yule. Akanawa mikono baada ya sahani kufunikwa, kama siku zote. Ila sasa alianza kumtaja. Akipata mboga nzuri alikuwa akisema, hii ndugu yangu angeipenda, na hakuna aliyeshtuka tena.

Mzee wa duka alikuja mara ya pili na kofia ileile. Alikuwa ameonywa, kwa hiyo aliogopa neno lake, akazunguka kwa mbali na habari za biashara na uaminifu, mpaka baba mwenyewe akamkatiza akamuuliza kijana ni nani. Ni mtafutaji, akajibu kwa wasiwasi. Baba akasema ndiyo, huyo wanamfahamu, amekula hapa. Jikoni mama alinifinya mkono mpaka alama ikabaki.

Sasa naishi Kibondo. Cherehani yangu iko karibu na soko, nina wasichana wawili ninaowafundisha, na watoto wangu wawili ninaowagombeza. Mume wangu bado anatafuta. Pikipiki ni nyingine, uchakavu ni uleule. Akipeleka mzigo Kahama hujitahidi mara mojamoja kusogea mpaka upande wa machimbo, na huko huuliza habari za mtu wa Muyama aliyekuwa akipiga mluzi na kuogopa vyura. Bado hajampata. Kuna mahali alionyeshwa nyumba, akafika akakuta ni Muha mwingine, wa Kasulu. Wakala pamoja, na mtu yule akakumbuka kuwapigia watu wake simu. Nyumba moja ilipata jibu, japo si ya kwetu. Baba aliposimuliwa hilo alifurahi hata nikadhani amesikia vibaya, lakini alikuwa amesikia vizuri.

Siku naolewa mama alinipa vitu vingi vya ndani. Kimoja alinipa mwishoni, kimefungwa kwenye khanga, na hakutaka nikifungue mbele ya watu. Ilikuwa ile sahani ndogo ya kufunikia. Nilimuuliza sahani ya mtafutaji ataifunika na nini. Akasema baba ameshamnunulia nyingine, na kwamba hii inajua kazi yake.

Kwa hiyo mimi pia kila jioni napakua kwanza fungu la aliye nje, ndipo napakua letu. Binti yangu mkubwa aliniuliza mtafutaji maana yake nini, kwa sababu shuleni wenzake humtania kwamba baba yake ndiye anayeandikwa nyuma ya pikipiki. Nilitaka kumpa maelezo marefu. Nikaishia kumwambia kwamba ni mtu aliyetoka akiwa ametuacha na neno la alipo, na sisi tumebaki na chakula chake. Akasema hiyo si maana, huyo ni baba. Nikamwacha na ushindi wake.

Baba yangu ana simu siku hizi, anayoishika mbali na sikio kana kwamba itamng'ata. Hupiga jioni, saa ya kula, na hana salamu ndefu. Juzi alipiga mvua ikinyesha huku na huko. Aliuliza habari za watoto, akauliza habari za cherehani, halafu akauliza alichopigia.

"Mtafutaji wetu ameshafika?"

Alikuwa hajawahi kusema wetu kwa neno lile. Nikamwambia ameniambia yuko njiani toka Kakonko. Na kabla sijamaliza nikasikia pikipiki inakohoa getini, na mtoto mdogo anakimbilia mlango. Nikamwambia baba, huyo anaingia.

"Mfunulie," akasema, na hakukata simu. Nikaelewa anachongoja. Nikaiweka simu mezani karibu na sahani, nikafunua, bati likagusa bati, na upande wa pili nikamsikia baba yangu anashusha pumzi.